Fyuzi ya Reinder

Harufu ya lami inayoungua ilimpokea Wietske mlangoni kwa mama yake, katika nyumba ya wazee pale Groningen. Mama mwenyewe hakunusa kitu. Pua yake ilikufa zamani. Redio kuukuu aliyotengenezewa na mkwewe Reinder ilikuwa ikiimba kando ya mto wa kulalia, na alizoea kulala nayo hadi asubuhi.

Wietske aliigusa, akaurudisha mkono upesi. Alichomoa waya, akaibeba mpaka bandani kwa Reinder, mume wa dada yake na fundi mkuu wa chama cha redio za kale, mtu anayejisifu hata usingizini.

Wietske naye alifanya kazi kiwanda cha redio hadi nywele zikaota mvi. Akafungua mgongo wa redio, akaiwasha kidogo, akapima. Palipotakiwa volti mia mbili na hamsini alikuta mia na sabini. Kuna kitu kilikuwa kinakula umeme njiani. Aliizima, akatoa kapasita, kile kikopo cha kuhifadhi umeme, kubwa iliyovimba, akafunga nyingine. Volti zikarudi mahali pake. Lakini kapasita iliyooza hivyo ingekata fyuzi siku ya kwanza. Mbona haikukatika?

Akaichomoa fyuzi. Ilikuwa imeviringishiwa karatasi ya fedha ya chokoleti ili isikatike kamwe. Umeme ulipita humo ovyo, na transfoma, ambayo huzibwa kwa lami, ikapata moto na kuitapika hadi chini. Wietske akamwonyesha Reinder, aliyekuwa ameketi kando.

Reinder alitafuna biskuti yake bila haraka. Alieleza kwamba fyuzi zilikuwa zinakatika kila mara, zikamchosha.

"Si inaimba lakini?" akasema.

"Mama analaza kichwa hapo, Reinder."

"Shemeji, wewe kwa kukuza mambo! Redio za wazee wenzake pale nimezifunga hivyo hivyo. Nani amelalamika?"

Wietske alimtazama makombo yakimdondoka kifuani, akaona kinyaa hata kumtukana. Alichukua koleo lake, akarudi kwa wazee, akaingia chumba hadi chumba akichomoa redio na kukata nyaya zake. Mzee mmoja alimwita mwizi. Mwingine alilia.

Mama alimngoja kwenye ujia, ameshika fimbo yake.

"Reinder akija, huleta kitu," alisema. "Wewe ukija, unachukua."

Wietske alimpita, akabisha hodi mlango uliofuata.