Abiria Aliyekuja na Pikipiki

Breki alivua kofia ngumu kabla ya kuingia dukani, akapangusa viatu kwenye zulia la mlangoni, akakohoa kidogo ili sauti yake isije ikatoka nyembamba. Kijiweni walimwita Breki kwa sababu alifunga breki kwa kila kitu: kuku, dimbwi, hata kivuli cha nguzo. Miaka yote aliyoendesha pikipiki ya tajiri wake hakuwahi kumwangusha abiria, na leo alikuja kununua ya kwake mwenyewe.

Pikipiki zilipangwa safu mbili, za bei ya chini karibu na mlango, zile za jina kubwa kule ndani chini ya feni. Za mlangoni madereva waliziita Vumilia. Za ndani waliziita Mheshimiwa. Ukitaka Vumilia unauliza bei, unaguna, unatoka nje umenuna, unarudi, mnaelewana. Mheshimiwa haiulizwi bei. Kuuliza ni kukiri kwamba jibu linaweza kukuumiza, na hakuna dereva aliyetaka kijiwe kizima kimcheke mpaka jua lizame.

Kwa hiyo Breki hakuuliza. Alizipita Vumilia bila kuzitupia jicho, akaweka kiganja juu ya tangi jekundu, akasema, "Hii."

"Jicho unalo, mwanangu," alisema mwenye duka. Alikuwa mtu wa bashasha, mpenda watu, aliyemwita kila mteja mwanangu, hata waliomzidi umri. Alitaja kiasi. Breki aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetarajia zaidi, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na pesa zake na za mkewe, fundi cherehani, walizokuwa wakiweka pamoja tangu walipooana.

Pikipiki ikasukumwa nje. Kwenye siti ya nyuma alikuwa ameketi mwanamume wa makamo, mnene, shati la mikono mirefu, suruali iliyopigwa pasi, mikono juu ya magoti.

"Huyu ni nani?"

"Nyongeza yako," mwenye duka alisema. "Si unajua kila pikipiki inatoka na wake? Wa Vumilia ni vijitu vyembamba, vinaning'inia kwenye taa ya nyuma, wala huvisikii. Huyu wako ameshiba."

Kweli Breki alikuwa akiwaona siku zote nyuma ya pikipiki za wenzake, wamejikunyata, hawamsumbui mtu. Ila kijiweni kwao hakuna aliyewahi kumiliki Mheshimiwa, na yeye hakuwahi kufikiria upana wa nyongeza wake.

"Habari yako, kaka," Nyongeza alisema. "Twende taratibu tu, sina haraka."

Nyumbani mkewe alikuwa amesimama kibarazani na gauni jipya alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, furushi la sare za shule likiwa miguuni pake. Kila asubuhi alizipeleka sare sokoni kwa miguu, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kuvimba. Ndiyo maana pesa yake iliingia kwenye ile bahasha. Breki alimwahidi kwa kiapo: siti ya nyuma ni yako, mke wangu, hutatembea tena.

Mkewe alishuka ngazi akamwona mgeni. "Karibu, shemeji," alisema, kwa sababu hakulelewa vibaya. Kisha akamgeukia mumewe. "Mimi nakaa wapi?"

Walijaribu katikati, hakuingia. Walijaribu nyuma kabisa, palipokuwa pamebaki nafasi ya kiganja. Aliketi, pikipiki ikaenda, yeye akabaki chini. Alijikung'uta vumbi, akajitwika furushi, akaanza kutembea. Breki alimfuata na pikipiki polepole, akiomba radhi, hadi alipoambiwa aende zake, anachafua sare za watoto wa watu.

Kijiweni walimpokea kwa vigelegele.

"Ona tumbo hilo! Hiyo ndiyo pikipiki bwana, si haya matoroli yetu!"

Mmoja alimfunika nyongeza wake mwembamba kwa tambara, kwa aibu. Walimsogeza Breki mbele ya foleni, mahali penye kivuli, bila mtu kuwaambia. Abiria wa kwanza alikuja, akaitazama Mheshimiwa, akaisifia rangi, akatafuta pa kukaa, akashukuru, akapanda Vumilia. Wa pili vilevile. Breki akashinda wa kwanza kwenye foleni mpaka jioni.

Nyongeza hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Jioni pikipiki iliegeshwa uani naye juu yake, na fundi, ambaye hakuweza kunywa chai huku mtu anamtazama, alimpelekea kikombe. Nyongeza aliusifia mshono wa kola. Alimshikia pini. Aliuliza habari za goti na kusikiliza jibu lote. Baada ya muda fundi alianza kuisogeza cherehani mlangoni ili wapige soga, na Breki alipochelewa kurudi hakumuuliza yeye kwanza, alimuuliza shemeji kama hajachoka.

Jioni moja fundi aliona shati la Nyongeza limekatika kifungo tumboni, akachukua sindano amshonee papo hapo.

"Kilikatika lini hiki?"

"Siku niliyonunuliwa," Nyongeza alisema. "Unajua, shemeji, kiwandani sikuwepo kabisa. Bandarini ndiko nilikoanza, nikiwa mwembamba hivi, naweza kupita chini ya mlango. Aliyeagiza akaninenepesha kidogo. Wakala akanipa kitambi. Kufika dukani, mwenye duka akanitazama, akasema bado. Akabandika jina la pikipiki ukutani kwa taa, nikaongezeka shingo. Siku mumeo alipokuja, aliweka mkono kwenye tangi akasema 'Hii', hakuuliza bei. Nikaongezeka hapo hapo. Kifungo kikaruka mpaka kwenye feni."

Breki alikuwa anaosha magurudumu. Alisikia sindano imesimama.

"Hukuuliza?" mkewe alisema.

"Mheshimiwa haiulizwi bei."

Mwanamke huyu alikuwa akizunguka maduka matano kabla ya kununua rola moja ya uzi. Hakugomba. Alikata uzi kwa meno, akamfunga Nyongeza kifungo chake, akaingia ndani. Breki aliona aibu, akaendelea kuosha gurudumu ambalo lilikuwa safi tayari. Nyongeza alisema, "Nisamehe, kaka. Ningeweza kushuka ningeshuka."

Asubuhi walikwenda dukani, Breki akiendesha mwendo wa jongoo, mkewe akichechemea pembeni. Juu ya pikipiki zote nyongeza walikuwa wameketi kwa utulivu, wembamba mlangoni, wanene chini ya feni, na wote walimwamkia fundi kwa pamoja. Mwenye duka aliliona goti, akamletea kiti chake mwenyewe na soda baridi.

"Baba," fundi alisema, "hii pikipiki bila huyu ni kiasi gani?"

"Swali zuri sana, mwanangu. Hajapata kutokea mtu wa kuniuliza." Alifikiri kwa moyo safi. "Haifiki nusu."

"Basi mshushe."

"Nikimshusha mmoja watataka kushuka wote. Na nyumba yangu mimi inasimama kwa hawahawa." Alisema bila ubaya wowote, na macho yake yalikuwa ya huruma. "Mwaka kesho tunaleta aina mpya. Ile siti yake ni ndefu."

Wakati huo dereva mmoja wa kijiwe kingine aliingia, akapangusa viatu, akazipita Vumilia bila kuzitupia jicho. Alikwenda moja kwa moja kwenye Mheshimiwa ya buluu. Breki alikijua alichokuwa anakifanya, mpaka kile kikohozi.

"Kaka," alimwambia, "uliza bei kwanza."

Dereva alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. Kisha akachungulia nje, akaona pikipiki nyekundu na Nyongeza aliyejaa juu yake, akatabasamu kwa dharau. "Wewe umeshapata, sasa hutaki wenzako tupate? Mimi nimekuja kununua, sikuja kuuliza." Akaweka kiganja kwenye tangi. "Hii."

Nyongeza wa pikipiki ya buluu alitanuka, mkanda wake ukakatika kwa sauti. "Samahani," alisema.

Nje, fundi alisimama kando ya pikipiki. Goti lilikuwa limejaa. Breki alilitazama, na kwa mara ya kwanza tangu anunue Mheshimiwa hakujali nani anamtazama yeye. Alivua kofia ngumu, akamvika mkewe, akamfunga kamba chini ya kidevu.

"Kaa mbele."

"Sijui kuendesha."

"Nitakufundisha. Breki nazijua vizuri."

Alimfundisha kwenye uwanja ulio nyuma ya shule, na kwa kuwa mguu uliozoea kanyagio la cherehani una adabu yake, hakuchukua muda. Tangu hapo kila asubuhi mke huendesha, mgongo umenyooka, goti halina kazi nzito, na Nyongeza ameketi nyuma. Furushi hawezi kulibeba, si kazi ya nyongeza kubeba. Breki hulibeba yeye kichwani, akikimbia nyuma yao, na anapomwona mkewe anakata kona vizuri bila kutikisika, moyo wake hujaa furaha mpaka anasahau shingo inavyouma.

Wakipita kijiweni, madereva husimama.

"Huyo ndiye mwenye Mheshimiwa," humwambia mgeni. "Imekuwa ya heshima mpaka mwenyewe hapandi."

Wawili kati yao wameshakwenda dukani. Hawakuuliza.

Karibu na soko kuna mlima mdogo, na hapo fundi husikia mumewe anavyohema, hupunguza mwendo. Nyongeza, kwa kuwa ni mtu wa heshima, hugeuka pale alipo na kumwambia, "Pole, kaka."