Uso wa Mkamwana

Filamu ile ilipigwa Iringa, bila sauti. Bushiri, kinyozi wa sokoni, aliigiza mlevi anayeiba nyama jikoni. Tusajigwe, aliyeuza ndizi jirani naye, aliigiza mwenye chungu. Akamfukuza na mwiko, Bushiri akateleza, akatumbukia kwenye karai la maji ya sabuni, akainuka, akatumbukia tena. Mpiga picha mwenyewe alicheka hadi kamera ikayumba.

Mwaka uliofuata Asukile, mume wa Tusajigwe, alimrudisha nyumbani kwao, milimani Mbeya. Jioni moja alitoka mjini akihema.

"Gari la sinema limekuja na filamu yenu. Na baba keshakaa mbele."

Tusajigwe akaacha kumenya ndizi. Kwao Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Tangu aolewe, akimsikia Mzee Isakwisa, baba wa Asukile, njiani, alijificha migombani. Na kwenye filamu alikuwa ameitazama kamera, tena meno yote nje.

"Kamtoe!"

"Nimtoe baba yangu mbele ya watu? Nimwambie nini?"

Tusajigwe akafunga khanga, akaifungua, akaifunga tena, akatoka mbio, Asukile nyuma yake. Uwanjani hakukaa. Alihama kushoto, akahama kulia, nyuma ya migongo ya watu. Giza likaingia, mashine ikaanza kunguruma. Bushiri alipoteleza, uwanja mzima ukapiga kelele. Kisha uso wa Tusajigwe ukajaa kwenye shuka nyeupe, mkubwa kama mlango.

"Mke wa Asukile huyo!" mtu akapaza sauti.

Kule mbele, mzee akajifunika blanketi kichwa kizima. Tusajigwe akaona blanketi linatikisika. Analia? Ana hasira? Akamsukuma mumewe aende.

Asukile alirudi ameziba mdomo kwa kiganja.

"Anamuuliza jirani yetu Jailos, aliyekaa pembeni yake, 'Sasa mkwe kafanya nini? Kampiga? Kaanguka tena?' Jailos anamsimulia, naye anacheka mpaka anakohoa. Anataka irudiwe."

"Irudiwe?"

"Yeye hatazami. Anataka kusimuliwa upya."

Ikarudiwa. Tusajigwe alikuwa bado hajaitazama sawasawa. Akachuchumaa kwenye majani, na Bushiri alipotumbukia karaini kicheko kikamtoka. Akajiziba mdomo, akasimama, akatazama huku na huku, akachuchumaa tena.