Kiraka Kilichotoka na Jaribio Lake

Yule mwanamke mtunza programu alilikuta tundu la usalama asubuhi, kwenye kiini cha mfumo, ile sehemu ya chini kabisa inayoamua programu gani iguse nini ndani ya kompyuta. Mwizi aliyelijua angeingia na kujifanya mwenye nyumba. Alilitilia kiraka kabla chai yake haijapoa, maana mikono yake ni myepesi, na kwa wepesi huohuo akafanya kosa la watu wa kazi yake.

Kwao, kiraka cha usalama hutolewa hadharani lakini kimyakimya, kwa maneno makavu yasiyomshtua mtu. Lile jaribio linaloonyesha jinsi tundu linavyopenyeka hufichwa kwanza, mpaka watu wawe wameshaziba kwao. Yeye, kwa kupenda kazi safi, alivitoa vyote pamoja. Ni kama kufunga mlango wako kisha ukawagawia wezi ufunguo wa milango ya jirani.

Mzee wa Lango, mkubwa wao anayesimamia viraka, alimpigia simu.

"Umetoa na jaribio?"

Alirudi mbio kwenye kompyuta. "Naliondoa sasa hivi."

"Utaondoa nini, mwanangu? Wameshalinakili. Wezi wanalijaribu huko."

Kilichomjia kichwani ni baba yake tu. Alikuwa wodi ya mahututi, akipumua kwa mashine iliyounganishwa na mtandao wa hospitali, na ndani ya mashine ile kulikuwa na kiini hikihiki. Alijua, kwa sababu siku alipokwenda kumwona alianza kwa kusoma toleo la mfumo kwenye kioo, mdogo wake akamcheka kwamba amekuja kuijulia hali mashine. Mdogo wake ni muuguzi palepale. Alimpigia.

"Mwite fundi wenu. Nawatumia kiraka, akiweke, aiwashe upya mashine ya Baba."

"Kuiwasha upya si mpaka aizime, dada?"

"Ndiyo. Wewe mpumulie kwa mfuko wa hewa wa kuminya kwa mkono mpaka iwake."

"Dada, unaniogopesha."

"Hata mimi naogopa. Wezi wakiizima wao, hawatakusubiri ushike mfuko."

Fundi alipofika, simu iliwekwa kitandani. Alimsikia fundi akiguna, kisha mashine ikanyamaza. Ukabaki mfuko, ukiminywa na kuachiwa, na pumzi za mdogo wake aliyekuwa akilia. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kiraka chake hakijawahi kujaribiwa kwenye mashine ya namna ile. Kama isingewaka, angekuwa amemuua baba yake kwa mkono wake.

Mashine ililia, ikanyamaza, kisha ikaanza kuvuma.

"Imewaka," mdogo wake alisema. "Kifua kinapanda."

Alilia bila aibu. Mdogo wake akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, mashine hizi ziko hospitali ngapi?"

Huko kwingine kote walilala baba za watu, na hakuwa na namba ya simu ya hata mmoja.