Uasili wa Mghoi

Usiku wa kuamkia jana, Nakijwa Mbwambo aliota pasi yake ya mkaa imeajiriwa forodhani.

Hakushangaa. Pasi alikuwa amevaa kofia ya kazi na kukaa nyuma ya meza ya kukatia vitambaa. Katikati ya chumba cha kushonea, pale pale nyumbani Holili, palikuwa na kizuizi cha barabarani. Upande wa pili wa kizuizi alisimama Mghoi, mtoto wa mumewe, akiwa na sare ya shule na begi mgongoni.

Mghoi ana miaka tisa. Mama yake mzazi, mtu wa Taveta ng'ambo ya mpaka, alifariki mtoto akiwa mdogo, na tangu hapo analelewa na Nakijwa, maana baba yake ni dereva wa lori na nyumbani hupita tu. Jumapili mama mdogo wa mtoto, Wakesho, mdogo wake marehemu, alikuja kuwasalimia. Akanywa chai, akasema bila ubaya wowote kwamba mtoto ana kwao, na shule zikifungwa atamfuata. Nakijwa akamwongezea chai.

Kesho yake redio ikatangaza kanuni mpya za uasili wa bidhaa. Nguo ya kitambaa cha nje haitavuka mpaka bila ushuru hadi ithibitike kwamba kazi iliyofanyika hapa imeibadilisha kweli. Nakijwa hushona magauni ya watoto kwa vitenge vya nje, na wateja wake wengi wako ng'ambo. Alilala na mambo hayo mawili kichwani, na usingizi ukayachanganya.

"Bidhaa hii asili yake wapi?" Pasi anauliza.

"Si bidhaa, ni mtoto."

"Kanuni hazina kifungu cha mtoto. Zina nguo, samani na samaki. Nimwandike samaki?"

Nakijwa anafikiri. "Mwandike nguo."

Futi ya kupimia, ambaye ndiye karani, anajinyoosha mezani na kusoma. "Malighafi imetoka nje. Macho ni ya mama yake. Pua ni ya mama yake. Hata anavyocheka."

"Ni kweli," Nakijwa alisema. Hilo hakuwahi kulificha. Picha ya marehemu iko ukutani, na ni yeye aliyeitundika.

"Basi kazi iliyofanyika hapa ni ipi?"

"Namwogesha. Namsuka. Namfungia chakula cha shule. Namfulia sare na kuipiga pasi."

Pasi alikohoa majivu kidogo. "Kuosha hakuhesabiki. Kufungasha hakuhesabiki. Kupiga pasi..." Akatazama chini. "Kupiga pasi nako hakuhesabiki. Sikuiandika mimi hiyo kanuni, mama. Hata mimi iliniuma."

"Shuleni anatumia jina letu la ukoo."

"Hiyo ni lebo," Futi alisema kwa upole. "Lebo haihesabiki."

"Nataka kukata rufaa."

"Rufaa zinasikilizwa ng'ambo ya bahari," Pasi akasema, na bila mtu yeyote kupiga hatua wakawa ng'ambo. Ni mji wa majengo marefu yenye madirisha yaliyofungwa. Theluji inaangukia meza, inaangukia cherehani, inaangukia vitenge. Mghoi anatetemeka.

Nakijwa akachukua kitenge cha juu kabisa, akainama kupita chini ya kizuizi.

"Usivuke, hujaruhusiwa," Pasi alimwambia.

Alivuka. Akamfunika mtoto, akamkumbatia. Pasi akafunua kifuniko chake ili waote mkaa. "Kisheria sijawaona," alisema.

Wakaota moto. Mtoto alipoacha kutetemeka, Nakijwa alisema, "Muulizeni mwenyewe."

"Bidhaa haijawahi kuulizwa," Futi alisema.

"Basi ianze kuulizwa leo."

Pasi akalainisha sauti. "Mghoi, ukiogopa huwa unafanya nini?"

"Naongea na cherehani."

"Unaiambia nini?"

"Naiambia, twende taratibu, hakuna anayetufukuza."

Nakijwa akakaa chini kwenye theluji. Maneno hayo alikuwa akiyasema yeye, peke yake, mdomo karibu na gurudumu, asubuhi zile ambazo hapakuja mteja hata mmoja. Hakumfundisha mtoto. Siku zote alidhani yuko nje anacheza.

Futi aliupima mdomo wa mtoto, akaupima na wa Nakijwa. "Maneno yametoka hapa," akasema. "Hayakuja na mzigo."

"Basi amebadilika," Pasi alisema. "Kazi imetosha."

"Na macho ya mama yake?" Nakijwa aliuliza, kwa sababu hakutaka kushinda kwa kumpokonya marehemu.

"Yabaki yalivyo. Kanuni haisemi malighafi ifutwe."

Kizuizi kikapanda taratibu, na Nakijwa akaamka. Kulikuwa kumepambazuka.

Kabla hata ya kunawa uso alimpigia simu Wakesho. "Mdogo wangu, shule zikifungwa njoo umchukue," alisema. "Akae kwenu, awajue ndugu zake na lugha ya mama yake. Halafu umrudishe nyumbani."

Nakijwa alisikia jogoo wa Taveta kwenye simu.

"Haya, dada," Wakesho alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imelegea. "Nilikuwa naogopa tu atatusahau."

"Hatawasahau. Nitaona haya mimi akiwasahau."

Alipokata simu Mghoi akatokea mlangoni, amejifunika kitenge mabegani. Nakijwa alikipokea akikunje. Kilikuwa kimekakamaa kama karatasi ngumu, na alipokikunja kikatoa mlio wa kuvunjika, vipande vidogo vya barafu vikaanguka sakafuni na kuyeyuka.

"Kimefanywa nini hiki?"

"Kule kulikuwa na baridi," Mghoi alisema, akauliza kama chai iko tayari.