Klachi ya Mwalimu Baltazar

Mimi Kassimu ni fundi pikipiki, na hasira zangu ziko karibu. Wateja wa njia ya Ruhuwiko wote wanalijua hilo. Kwa hiyo Mwalimu Baltazar alipoweka kiboksi juu ya benchi langu na kusema nimfungie kwikshifta, nilivuta pumzi kwanza. Angekuwa mtu mwingine ningemwambia aende zake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kassimu. Unakijua hiki kitu?"

Nakijua. Ni kihisio kidogo kinachofungwa kwenye rodi ya gia. Ukiipandisha gia kwa mguu, kinakata moto wa injini kufumba na kufumbua, gia inaingia, moto unarudi, nawe hujagusa klachi wala kupunguza mafuta. Wakimbiza pikipiki wa Ulaya hawaishi bila hicho. Sisi wa Songea, mji wa matuta na mbuzi, tunaishi vizuri tu.

"Mwalimu, bodaboda wote hapa wanaingiza gia bila klachi. Hakuna hata mmoja aliyeagiza kifurushi."

"Na wote wanakuletea wewe gia zilizotafunika. Nifungie. Jumamosi nakwenda Namasakata."

Hapo nikachukua spana. Namasakata ndiko alikonifundisha hesabu, alipoletwa kutoka Kagera akiwa kijana asiyejua hata neno moja la Kiyao. Sasa wamejenga darasa jipya, wamelipa jina lake, na Jumamosi wanalifungua.

"Walitaka kunitumia gari," alisema. "Nimewaambia wabaki nalo. Sitaki kupelekwa, Kassimu. Nataka kwenda."

Pikipiki yenyewe ni ya mashindano, ya njano, aliuziwa na mhandisi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao. Mzee wa miaka sitini na mbili anailalia kifudifudi, watu wanaacha biashara zao kumtazama. Siku hiyo ililetwa ikisukumwa na bodaboda wawili. Mafuta yameisha, alisema Mwalimu. Yeye alikuja nyuma yao, mkono wa kushoto mfukoni mwa jaketi, na asubuhi nzima hakuutoa. Nilikuwa sijamwona miezi minne. Nikasema moyoni, huyu kastaafu na maringo yamemwingia.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo yeye alisoma, mimi nikafunga. Nilipoinua tangi ili nizifikie waya za koili, lilinielemea. Lilikuwa limejaa mafuta pomoni. Fundi mwenye akili angejiuliza. Mimi nililalamikia mgongo wangu tu, nikaendelea.

"Hapa wanasema bila klachi," akasoma, na sauti yake ikachangamka. "Umesikia? Bila klachi."

Akaikunja karatasi kwa mkono mmoja na kuitia mfukoni. Ni Mwalimu yule yule aliyetuchapa darasa zima kwa kujibu swali kabla ya kulisoma mpaka nukta ya mwisho.

Saa saba kazi ikawa imekwisha. Mwalimu akapanda, akawasha, akakanyaga gia ya kwanza. Pikipiki ikashtuka na kuzima. Akawasha tena, ikazima tena.

"Bana klachi, Mwalimu."

"Si umeshafunga? Bila klachi!"

"Hiyo ni ukiwa unatembea. Kuondoka na kusimama unabana kama kawaida. Kwani hawakuandika?"

Akatoa karatasi, akaikunjua juu ya tangi, akaisoma mpaka chini kabisa. Ilikuwepo, mstari wa mwisho. Aliusoma mara mbili, midomo ikicheza. Kisha akautoa mkono wa kushoto mfukoni na kuuweka kwenye usukani. Vidole vikalala juu ya klachi, na havikubana.

"Mei," alisema. "Kiharusi. Daktari anasema ni kidogo."

Ndio mkono aliokuwa akiandikia ubaoni. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilimwona asubuhi nzima, na mimi pia sikumsoma mpaka nukta.

Tukiwa tumesimama hivyo, bajaji ikafunga breki na Mama Fausta, mkewe, akateremka na chupa ya uji.

"Nilijua nitamkuta hapa," alisema. "Amekwambia mkono haukamati?"

"Amenionyesha, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hicho kidude chini ya vidole vyake kinabanwa lini?"

"Kuondoka na kusimama tu."

"Na katikati?"

"Katikati ni yeye mwenyewe. Mguu unatosha."

Mama Fausta akanikabidhi uji, akajifunga kitenge vizuri, akapanda nyuma ya mumewe. Alijinyoosha juu ya mgongo wake mpaka akaifikia klachi.

"Mama Fausta, teremka. Watu watasema nini?"

"Tangu Mei nakufunga vifungo vya shati. Klachi ndiyo itanishinda?"

Mara ya kwanza aliiachia ghafla, injini ikazima. Mara ya pili pikipiki iliruka hatua tatu, bodaboda wakapiga miluzi, ikazima.

"Polepole!" Mwalimu akafoka. "Unaachia kama unafukuza kuku!"

Mama Fausta akamjibu kwa Kihaya. Sikuelewa, ila Mwalimu hakufoka tena. Mara ya tatu wakaondoka, yeye ameinama, mkewe amemwinamia, kitenge kinapepea juu ya mashine ya mashindano. Watu walicheka mpaka wakashikilia nguzo. Mimi sikucheka. Nilisimama katikati ya barabara na uji wa watu mkononi, nimetega sikio.

Gia ya kwanza ilikuwa ya Mama Fausta. Walipolipita tuta la mwisho nikasikia ya pili inaingia, na sauti haikukatika hata kidogo. Kisha ya tatu. Kisha ya nne. Hizo Mwalimu aliziingiza mwenyewe.