Mwandiko wa Masouda

Alasiri haijaadhiniwa, Mzee Aflah alikuwa tayari. Simu kaiegemeza kwenye birika la kahawa, miwani kaifuta mara tatu, na televisheni, ambayo nyumbani kwake Ghubra, Maskati, husema peke yake kutwa nzima kwa kuwa hakuna mwengine wa kusema, leo kaizima. Binti yake Shatha, daktari huko Ayalandi, alimuahidi kwamba Ijumaa hii ataendesha gari mpaka mji mdogo wa Kildorra akamtazamie jambo. Ahadi hiyo ilishapigwa kalenda mara tano.

Jambo lenyewe ukilisikia ni dogo. Miaka minne nyuma, Aflah na mkewe Masouda walikwenda kumzuru binti yao. Shatha yuko zamu hospitali, wazee wakakodi gari, na Masouda akaamua wazunguke miji ya mashambani kutazama mambo ya kale. Kwa mambo ya kale mwanamke yule alikuwa hashibi. Minara, makanisa yasiyo mapaa, misalaba ya mawe yenye nakshi, vinu vya maji, kila penye kibao, "Simamisha gari." Siku ya kwanza Aflah alisimama na kushuka. Ya pili alishuka huku ananung'unika. Ya tatu, hapo Kildorra, mbele ya mnara uliofanywa makumbusho, mvua inapiga mshazari, alizima gari akalaza kiti.

"Nenda mwenyewe. Mie nimekulia Mji Mkongwe, mawe nimeyaona mpaka basi."

Masouda akaingia peke yake, akakaa saa nzima. Aliporudi alikuwa na wino kidoleni. Alipoulizwa kaandika nini huko, alijibu, "Nimeandika yangu," akafunga mkanda. Njia nzima hakusema tena, na Aflah, kwa kiburi chake, hakuuliza tena. Miezi minane baadaye, hapa Maskati, Masouda alijilaza baada ya chakula cha mchana na hakuamka.

Watu huagana kwa kutakana radhi. Aflah hakuipata nafasi hiyo. Makosa yake ya miaka thelathini na minane ya ndoa ni mengi, hayahesabiki, basi roho yake ikaling'ang'ania hili moja la gari. Kama mkewe alimshitaki ndani ya kitabu cha wageni, mbele ya dunia nzima, bora ajue. Sababu Aflah hakumwambia Shatha. Alimwambia tu kwamba mama yake aliandika kitu kule na yeye anataka kukiona.

Simu ikalia.

"Baba, nimefika! Bibi wa hapa makumbusho kanitolea kitabu cha wageni cha mwaka ule. Anasema mwandiko huu anaukumbuka. Kila Mwarabu akija humuonesha, na wote humwambia, herufi zetu, maneno si yetu."

Aflah alicheka bila kutaka. Masouda alisomeshwa na bibi yake, na Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu maisha yake yote. Orodha yake ya mwisho bado imebandikwa kwenye friji: tungule, bamia, ndimu, pilipili. Herufi ya p, ambayo Kiarabu haina, hakuhangaika nayo, akiweka b yakaisha. "Leo bilibili hakuna," Aflah alikuwa akimtania akirudi soko la Mawaleh. Sasa soko lenyewe limehamishwa, hata kisingizio cha kutoka asubuhi hana. Na wa kuusoma akaufahamu mwandiko ule duniani kabaki yeye.

Picha ikaingia, lakini macho ya mzee na karatasi ile hayakuelewana.

"Isome wewe, mwanangu."

"Sifahamu, Baba," Shatha alisema kwa Kiarabu, lugha yao ya kila siku. "Kiswahili changu wakijua."

"We tamka tu. Nitafahamu mie."

Shatha akaanza kukokota, mfano wa mtoto wa chuo cha Kurani. "Mimi Masouda... na mume wangu Aflah... wa Maskati." Akasita. "Jina lako limo, Baba."

"Endelea."

"Tumeingia... wote wawili. Bazuri sana. Aflah... kababenda kuliko mie." Akarudia. "Kababenda? Nini hiyo?"

Aflah alitazama mlango wa friji.

"Kapapenda," alisema. "Aflah kapapenda kuliko mie."

"Kumbe mlifurahi! Ulipenda nini zaidi, Baba?"

Lawama alijiandaa nayo. Lawama angeijibu, angeipeleka kwenye kaburi la mkewe na kuiombea msamaha kwa kuitaja. Hii sasa angeijibu vipi? Alijua kwamba mtu hamsitiri asiyemuwia radhi, na kwa hilo kifua kilimshuka. Lakini aibu nayo ilimpanda mpaka masikioni, na wa kumuonea aibu hayupo.

"Sikuingia, mwanangu. Nilikuwa garini."

"Lakini Mama kaandika..."

"Kanisitiri."

Shatha akasema taratibu, "Basi nikutembeze, Baba," akaigeuza simu.

Akamuonesha ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya watu. Akamuonesha pipa la mbao la kusukia siagi, na kitanda kifupi ambacho Aflah aliuliza walilalaje. "Rudi nyuma. Hiyo nini? Na ile kwenye ukuta?" Bibi wa makumbusho alielezea, Shatha akafasiri, mzee akauliza tena. Kahawa ilimpoa mbele yake.

"Na kitabu," alisema mwisho, "siku ile kilikuwa wapi?"

Shatha alimuuliza bibi. "Hapo hapo kilipo siku zote. Juu ya meza, dirishani."

"Dirisha linatazama wapi?"

"Nje tu, Baba. Panapowekwa magari."

Basi aliandika huku anamuona. Anamuona kiti kimelazwa, koti kajifunika usoni, na kalamu mkononi mwake anaandika kwamba wameingia wote wawili.

"Hebu nioneshe."

Shatha akaisogeza simu kwenye kioo. Huko pia mvua ilikuwa inanyesha.

"Hapana kitu, Baba. Patupu."

"Nnajua," alisema Aflah. "Iwache hapo kidogo."