Saa Moja na Dakika Arobaini

Ndege iligusa ardhi saa nane kamili mchana. Kilometa elfu moja na mia mbili, saa moja na dakika arobaini kutoka uwanja hadi uwanja. Nilizijua hesabu hizo kwa moyo. Kazi yangu ilikuwa kukata tiketi, na kila siku niliwatajia watu wenye haraka zao.

Ni baba peke yake ambaye sikuwahi kumwambia ukweli.

Alikuwa fundi cherehani, na maishani mwake hakupanda ndege. Mwaka ule niliohama aliniuliza kwenye simu safari inachukua muda gani. Nilikuwa nimechoka, natafuta la kumalizia maongezi. Nikamwambia ni siku nzima, tena katikati unabadilisha ndege. Akacheka, akauliza kama ikigoma abiria hushuka kusukuma. Uongo ukaota mizizi, na nyumbani wote wakauamini. Kila alipotaka kujua nitakuja lini, alijijibu mwenyewe kwamba safari ni ndefu, nijipumzishe kwanza. Miaka saba ikapita hivyo.

Jumatatu dada yangu alinipigia ofisini. Baba hali chakula tena, akasema, na daktari amewaruhusu kumrudisha nyumbani. Sote wawili tulijua maana yake. Kwenye kompyuta mbele yangu, ndege ya mchana ilikuwa na nafasi kumi na moja. Wateja walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Nikamwambia nitakuja Ijumaa.

Baba alifariki Alhamisi asubuhi.

Dada alinisubiri penye mlango wa kutokea abiria, bado amevaa malapa ya nyumbani. Alinikumbatia kwa muda mrefu, kisha akatazama saa ya ukutani.

"Nimekupigia saa tatu," alisema taratibu. "Umeondoka saa ngapi?"

"Saa sita na dakika ishirini."

"Umepanda ndege ngapi?"

"Moja."

Aliinama kama anayetafuta kitu sakafuni.

"Jumanne nilitaka kukupigia tena, nikwambie usingoje Ijumaa. Baba akanikataza. Alisema, 'Mwache mwanangu, huko ni mbali, atachoka bure.'"

Laiti angenisuta, ningepata la kujitetea. Alichukua begi langu, akatangulia.

Nyumbani ua ulikuwa umejaa watu. Shangazi alininyanyukia, akanishika mikono yote miwili, akashangaa nimewezaje kufika mapema hivi na mimi niko mbali kiasi kile. Nilifungua kinywa. Dada akaniwahi.

"Yuko njiani tangu jana, Shangazi. Mpeni kiti."

Wakanipa kiti. Jirani mmoja, mama mtu mzima ambaye baba alimshonea sare za watoto wake wote, alipiga magoti akaanza kunifungua kamba za viatu, akinong'ona pole, pole mwanangu, miguu imevimba kwa safari.

Haikuwa imevimba. Nikamwacha anivue.